Pikapu Kuukuu na Bei ya Mafuta: Tunachoweza Kufanya Wenyewe

Hotuba ya afisa wa karakana ya kaunti kwa wakulima, wachuuzi, madereva na mafundi katika baraza la wakazi, Wundanyi, Taita Taveta.

Najua wengine mmeacha shamba na wengine mmeegesha magari yenye mzigo, kwa hivyo sitawachelewesha.

Mboga za milima hii hufika soko la Kongowea, Mombasa, kwa pikapu ambazo baadhi yake zina umri kumzidi dereva. Hakuna aibu katika gari kuukuu. Shida ni mafuta. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya, nasi hukaa karibu na redio tukiomba iwe nafuu. Bei hiyo hatuipangi sisi. Tunachoweza kupanga ni lita ngapi gari litakunywa kwa safari moja.

Kwanza, pima. Jaza tangi pomoni, andika kilomita. Nenda safari yako, rudi, ujaze tena pomoni kwenye pampu ile ile. Gawanya kilomita ulizoenda kwa lita ulizojaza. Tuseme kwenda Kongowea na kurudi ni kilomita 400. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 50. Likitengenezwa likafika kilomita 10 kwa lita, litakunywa lita 40. Lita moja ikiwa shilingi 180, umeokoa shilingi 1,800 kwa safari moja. Anayekwenda mara mbili kwa wiki anaokoa shilingi 3,600. Hiyo ni karo, ni mbolea. Kama mita ya kilomita imekufa, itengenezwe kwanza, kwa sababu bila hiyo unakisia tu.

Pili, magurudumu. Tairi lenye upepo mdogo hufanya injini ivute kama inayopita matopeni. Kiwango sahihi huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au kwenye kitabu cha gari, na kiwango cha gari tupu si sawa na cha gari lenye mzigo. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kisha angalia breki zinazoshika. Piga jeki, weka gari huru, zungusha gurudumu kwa mkono. Likigoma, breki au beringi inakula mafuta yako kila kilomita, na siku moja itakuacha njiani.

Tatu, hewa na moto. Barabara zetu za murram zina vumbi jingi, na kichungi cha hewa kikiziba injini hukosa pumzi. Kifungue kila unapofanya sevisi. Kikiwa cheusi, kibadilishe. Kukipiga piga ukutani si kukisafisha. Kwa petroli, plagi zikichakaa mafuta hayaungui yote. Kwa dizeli, moshi mweusi ni pesa zako zinazotoka kwa ekzosi. Peleka nozeli zikapimwe. Na usinunue mafuta ya mtungi kando ya barabara kwa sababu ni rahisi. Mafuta taa yakichanganywa na dizeli hunyima pampu ulainisho, na bei ya pampu ni zaidi ya akiba yote uliyofanya.

Nne, naomba mafundi wanisikilize. Gari likichemka, wengi wetu huitoa thamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemka, mteja anafurahi. Lakini kazi ya thamostati ni kuifanya injini ifikie joto lake upesi na kubaki hapo. Ikitolewa, injini hukimbia ikiwa baridi, hasa katika baridi ya huku juu. Petroli haigeuki mvuke vizuri, mafuta yanaongezeka na injini inachakaa. Gari lililochemka lina sababu: rejeta imeziba, pampu ya maji inavuja, au mkanda umelegea. Tutibu ugonjwa, thamostati irudi mahali pake.

Tano, mguu wa dereva. Mkifika barabara kuu ya Voi, msikimbizane na mabasi. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, nguvu ya upepo inayokuzuia huongezeka kwa zaidi ya nusu. Turubai linalopepea na fremu tupu huongeza mzigo huo. Funga turubai likaze, na vyuma usivyovihitaji viache nyumbani.

Sasa nimefika kwa jambo lililonileta hasa. Kuna madereva wanaotoka hapa Wundanyi kwenda Mwatate wakitoa gia, na wengine wakizima injini kabisa, ili kuokoa mafuta kwenye mteremko. Ndugu zangu, akiba hiyo haipo. Pikapu ya dizeli, au ya petroli isiyo na kabureta, ikiwa ndani ya gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, kwa kawaida hukata mafuta yenyewe. Ukitoa gia, inabidi inywe ili isizime. Pikapu ya kabureta hunywa kidogo ikiteremka na gia, lakini kidogo hicho ndicho bei ya maisha yenu. Bila gia, uzito wote wa mboga na watu unashikwa na breki peke yake. Breki zikipata moto sana hazishiki tena. Na ukizima injini, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache, usukani unakuwa mzito, na kona ziko mbele.

Teremkeni kwa gia ya chini, ile ile ambayo mngepandia. Utingo na abiria, mkiona dereva ametoa gia, semeni. Mama aliyepakia nyanya zake ana haki ya kusema pia.

Kwa hivyo wiki hii fanyeni mawili: pimeni mafuta ya safari moja na muandike, kisha pigeni jeki magurudumu yote manne. Mengine yatafuata kadiri mfuko unavyoruhusu.

Mwende salama, na mrudi salama.