Uwiano wa Mafuta ya Kula na Afya ya Mwili: Tatizo la Mafuta ya Kupima

Mada kwa semina ya maofisa lishe na maofisa afya wa halmashauri

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi uwiano wa mafuta tunayokula unavyohusiana na kisukari, kitambi, shinikizo la damu na mafuta kwenye ini. Wengi wenu mnayafundisha haya kila siku, hivyo nitayapitia haraka. Muda utakaobaki nitautumia kwa jambo nililolipigia kelele miaka mingi: mafuta yanayouzwa kwa kupima.

2. Ufafanuzi

Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Ya wanga hutoa 4. Mafuta yaliyoshiba ndiyo yanayopenda kuganda, kama samli, nazi na mawese. Yasiyoshiba hubaki majimaji, kama alizeti, ufuta na soya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unashauri mafuta yote yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku, yaliyoshiba yasizidi 10, na ya transi yasizidi 1.

3. Ushahidi

Mwaka 2014 watafiti wa Uppsala, Sweden, walichapisha matokeo ya kuwalisha vijana wembamba 39 keki za ziada kwa wiki 7. Kundi moja lilikula keki za mafuta ya mawese, jingine za alizeti. Uzito uliongezeka sawa kwa wote, lakini waliokula mawese walirundika mafuta mengi zaidi kwenye ini na tumboni. Mizani peke yake isingeonyesha tofauti hiyo.

Nchini Mauritius nako, mwaka 1987, serikali ilibadilisha mafuta ya mgawo kutoka yenye mawese mengi hadi soya. Kufikia 1992 wastani wa lehemu kwenye damu ulishuka kwa takriban milimoli 0.8 kwa lita. Unene na kisukari havikushuka. Mafunzo ni mawili: sera ya mafuta inaweza kubadili damu ya taifa zima, na aina nzuri ya mafuta haifuti madhara ya kula kupita kiasi.

4. Tatizo lenyewe

Sisi huwaambia wananchi "chagua mafuta sahihi". Mama anayenunua ya shilingi mia tano achague nini? Muuza duka anachota kwenye pipa, anamimina kwenye chupa ya soda iliyooshwa, basi. Lebo imebaki kwenye dumu la lita 20 nyuma ya kaunta, au kwa muuzaji wa jumla. Jina linalotajwa ni "alizeti" kwa sababu ndilo linalouzika. Asubuhi za Iringa au Njombe chupa hiyo huonyesha ukungu mweupe chini, na muuzaji huianika juani. Ukungu huo mara nyingi ni dalili ya mawese, ambayo karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Kwenye alizeti hayo ni kama asilimia 11 tu.

Naomba nieleweke: simtuhumu mfanyabiashara, wala siilaumu taasisi yoyote. Kila mamlaka ina mipaka yake. Hata hivyo, pendekezo la kubandika lebo kwenye pipa nimelipeleka vikaoni mara nyingi, na jibu ni lile lile: linafanyiwa kazi. Huyu anasema ni suala la viwango, yule anasema ni la vipimo, mwingine la biashara. Nasi tunaendelea kuchapisha vipeperushi.

Kwenye karai la chipsi hali ni ngumu zaidi. Mafuta yakikoza rangi na kutoa povu, mapya huongezwa juu ya machakavu. Kumwambia muuzaji ahamie alizeti hakutoshi, kwani alizeti ya kawaida huharibika upesi kuliko mawese ikichemshwa kutwa. Mawese hustahimili, na bei yake ni nafuu. Anayetoa ushauri bila kulijua hili hatasikilizwa kijiweni.

5. Mapendekezo

(i) Kila pipa la mafuta ya kupima libandikwe lebo ya Kiswahili inayotaja aina ya mafuta.
(ii) Mchanganyiko utajwe kuwa mchanganyiko.
(iii) Maofisa afya wanapokagua maduka wakague na pipa, si rafu peke yake.
(iv) Wauza chipsi na mama lishe wafundishwe dalili za mafuta machakavu: rangi nyeusi, povu, moshi wa mapema.
(v) Ujumbe wetu utaje kiasi pamoja na aina. Mauritius imetuonyesha sababu.
(vi) Mafuta yaliyoshiba yanapopunguzwa, nafasi yake isijazwe na sukari wala unga uliokobolewa. Ijazwe na ufuta, karanga na dagaa. Dagaa wana omega-3, ambayo alizeti karibu haina.
(vii) Wakamuaji wadogo wa alizeti wa Singida na Dodoma wasaidiwe kufungasha ujazo mdogo wenye lebo, ili mwenye mia tano naye apate chaguo.
(viii) Iteuliwe mamlaka moja ya kusimamia lebo ya pipa.

6. Hitimisho

Mapendekezo (i) na (viii) ndiyo mzizi. Mengine yanategemea hayo. Naomba semina hii isiishie kwenye "linafanyiwa kazi". Itoke na azimio la maandishi kuhusu lebo ya pipa, lenye jina la mamlaka itakayowajibika na tarehe ya kuanza.