Kumtafuta Mungu Kusingoje Kesho

Jioni hii twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikubali kwa midomo, kisha huliahirisha mwaka hata mwaka, nalo ni kumtafuta Mungu. Kijana husema, "Nitasali nikisha kuoa." Akisha kuoa husema, "Watoto wakue kwanza." Na mzee husema, "Mavuno yaishe." Wala hapana hata mmoja wao asemaye kwamba Mungu hayuko. Wamemfanya kama mgeni aliyepiga hodi, akaambiwa angoje barazani, kisha akasahauliwa.

Ili tupate kulifahamu neno hili, na tutazame mambo yaliyotokea Buganda zamani za Kabaka Mwanga. Mapadre Weupe walifika huko mwaka 1879, wakaanza kufundisha. Kwa amri ya mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, mtu hakubatizwa upesi. Ilimpasa kufundishwa na kujaribiwa muda wa miaka minne. Mwaka 1882 mapadre wakaondoka, wasirudi mpaka mwaka 1885. Katika muda huo waliokwisha kuamini hawakukaa bure kungoja waalimu. Walifundishana wao kwa wao, wakasali pamoja, na habari za Kristo zikaenea hata kwa vijana waliotumika katika jumba la mfalme.

Tarehe 15 Novemba 1885 akauawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkristo aliyekuwa na cheo katika nyumba ya Kabaka, kwa kuwa alimkanya mfalme juu ya kuuawa kwa Askofu Hannington. Siku ile ile Karoli Lwanga aliomba ubatizo, akaupata. Naye akashika mahali pa Yosefu katika kuwaongoza vijana wa jumbani.

Hata mwezi wa Mei 1886, huko Munyonyo kando ya ziwa, hasira ya mfalme ikawaka. Usiku, hali wakitazamia kufa, Lwanga akawabatiza vijana waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Mmoja wao ni Kizito, umri wake yapata miaka 14. Kulipokucha mfalme akawatenga wanaosali na wasiosali. Wanaosali wakafungwa, wakapelekwa Namugongo. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto, Wakatoliki pamoja na ndugu zao Waanglikana.

Labda yuko atakayesema, "Kama Kizito alibatizwa saa za mwisho, mimi nami nitangoja saa yangu ya mwisho." Huyo hakufahamu. Usiku ule haukuwa usiku wa kuanza, ulikuwa usiku wa kutimiza. Kizito alikuwa amekwisha kujifunza na kusali. Moyo wake ulikuwa shamba lililolimwa, likingoja mvua tu. Mvua ikinyesha katika shamba lisilolimwa, huotesha magugu. Tena, Kizito alijua usiku ule kwamba mauti i karibu. Je, ni wangapi katika sisi watakaopewa kujua? Mwingine huondoka asubuhi kwenda gulioni, na jioni watu huchimba kaburi.

Kwa hiyo haraka tunayoinena si papara. Mapadre wale walitaka miaka minne ya mafundisho, na vijana wale hawakuidharau. Haraka tunayoinena ni kuanza leo, ili miaka ya kujifunza ipate kuhesabiwa. Aliyeanza leo, hata akikatizwa njiani, Mungu amkuta njiani. Asiyeanza akutwa mlangoni, hali amefunga mzigo ambao hakuuchukua hata hatua moja.

Basi tufanyeje? Usiku huu, kabla hatujalala, na tumwombe Mungu kwa maneno machache ya kweli. Ninyi mjuao kusoma, someni Injili, mkawasomee wazee wenu wasiojua. Hivyo ndivyo walivyofanya wale wa Buganda walipokosa mapadre. Na aliye na ugomvi na jirani yake, asiungoje mwezi mwandamo; aende kesho alfajiri, wapatane. Na anayetaka kufundishwa, amwendee mwalimu wa dini juma hili hili.

Wazee wetu walituusia: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Tusimweke Mungu barazani. Tumfungulie mlango wakati tungali na nguvu za kuufungua.