Haluli, Maji ya Visima na Figo za Mgonjwa wa Moyo



Shangazi yangu, ambaye moyo wake ulikuwa umedhoofika kwa miaka kadhaa, alinunua pakiti ya haluli ya chumvi ili, kwa maneno yake, asafishe tumbo. Alikuwa akitumia pia vidonge vya kupunguza maji mwilini. Siku ya pili tulimkuta amelegea, hawezi kusimama, na mapigo ya moyo yakienda ovyo. Mungu alimjalia akapona. Muuzaji hakumwuliza swali hata moja, naye hakuona sababu ya kueleza ugonjwa wake. Ndiyo sababu nimechagua kuzungumzia kitu kilichomo ndani ya pakiti ile, ambacho kimo pia katika baadhi ya visima vyetu: salfeti.

Salfeti si kitu kigeni. Ni salfa iliyoungana na oksijeni, na mwili wenyewe huitengeneza kila siku kutokana na protini ya maharage, nyama, mayai na maziwa. Hapa Same twaikanyaga: jasi inayochimbwa Makanya ni salfeti ya kalsiamu. Maji yanayopita katika ardhi yenye jasi huyeyusha sehemu yake, yakawa mazito kinywani na magumu kutoa povu la sabuni.

Figo hupokea takriban moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa mtu mzima mwenye afya huchuja kama lita 180 za umajimaji kwa siku, na karibu zote hurudishwa katika damu. Salfeti huchujwa pamoja nao. Kisha mirija midogo ya figo hurudisha sehemu kubwa na kuiacha iliyobaki itoke na mkojo. Ikizidi mwilini, kinachorudishwa hupungua na kinachotoka huongezeka. Wapare wanaozijua ndiva wataelewa haraka: msimamizi wa ndiva hafungi maji yote wala hafungulii yote.

Sasa moyo ukidhoofika, damu inayofika kwenye figo hupungua, kama ndiva ambayo mfereji wake wa juu umepungua maji. Figo huchukulia kwamba mwili umekaukiwa, hushika chumvi na maji, na miguu huvimba. Uchujaji ukishuka sana, salfeti nayo hujikusanya katika damu, kwa kuwa njia yake kuu ya kutokea ni mkojo.

Hata hivyo sikuja kuwatisha. Kwa mgonjwa wa moyo, la kuogopwa zaidi ni kile kinachoandamana na salfeti, maana haisafiri peke yake. Katika haluli ya chumvi mwenzake ni magnesiamu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, nayo ikizidi hushusha shinikizo la damu, hulegeza misuli na kupunguza kasi ya moyo. Juu ya hayo, kuhara huondoa maji na potasiamu, vitu ambavyo vidonge vya kupunguza maji vimekwisha kuviondoa. Hapo ndipo mapigo ya moyo yanapoweza kuvurugika. Katika maji ya visima, mwenzake anaweza kuwa sodiamu, ambayo huvimbisha miguu. (Magadi tunayotia katika makande nayo ni sodiamu, ingawa najua neno hili halitapendwa jikoni.)

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi salfeti wala sodiamu. Maji yakipungua sufuriani, chumvi iliyobaki huwa kali zaidi. Chujio la kawaida la nyumbani nalo haliziondoi. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya cha salfeti katika maji ya kunywa, ila linashauri mamlaka za afya zijulishwe inapozidi miligramu 500 kwa lita, kwa sababu ya kuharisha. Mgeni huharisha kabla ya mwenyeji aliyeyazoea maji hayo.

Kwa hiyo, kama mna mgonjwa wa moyo nyumbani na mnatumia kisima, ombeni majibu ya kipimo cha maji kwa mamlaka ya maji, au kwa RUWASA kama mko kijijini. Someni mistari miwili: salfeti na sodiamu. Mpelekeeni daktari karatasi hiyo. Anayewauzia maji kwa boza aulizwe ameyachota wapi.

Dukani, mwambieni mfamasia kwanza ugonjwa, kisha dawa zote zinazotumika, ndipo mtaje haja ya haluli. Tumbo likifunga, rudini kliniki. Zipo dawa nyingine za kulainisha choo. Vidonge vya moyo visiachwe kwa kuogopa niliyoyasema. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, na namba iandikwe. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, au mkojo ukipungua ghafla, aende kituo cha afya siku hiyohiyo, akiwa na daftari lake.