Mtu Asiwekwe Rehani: Mafunzo ya Riwaya ya "Peponi"

(Maelezo ya mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Isansa, Wilaya ya Mbozi)



Mtumishi wa umma husoma sana, lakini husoma vitu vya namna moja. Ofisa husoma nyaraka, taarifa na mihtasari ya vikao. Mwalimu husoma muhtasari wa somo lake na madaftari ya wanafunzi. Riwaya isiyokuwamo katika orodha ya vitabu vya mtihani huhesabiwa kuwa starehe ya watu wasio na kazi. Nataka kuipinga fikra hiyo kwa kutumia kitabu kimoja tu, ambacho wengi wetu tusingekifungua kwa hiari yetu.

Kitabu hicho ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kuhamia Uingereza akiwa kijana. Alikiandika kwa Kiingereza, kikachapishwa mwaka 1994. Mwaka 2021 mwandishi huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Basi kisingizio cha lugha hatunacho tena.

Kisa chenyewe ni cha nchi yetu, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati Wajerumani walipokuwa wakijiimarisha. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo isiyokwenda vizuri, na anadaiwa na tajiri wa pwani aitwaye Aziz. Kila ajapo, tajiri huyo humpa mtoto sarafu, na mtoto humhesabu kuwa ami yake. Siku moja Yusuf anapakiwa katika gari moshi pamoja na huyo ami. Baadaye, dukani kwa tajiri, anaelezwa na kijana mwenzake, Khalil, kwamba yule si ami yake hata kidogo. Yeye ni rehani. Amewekwa pale kwa sababu ya deni la baba yake, kama Khalil mwenyewe alivyowekwa kabla yake.

Sisi wa Mbozi tusidhani kwamba hayo ni mambo ya pwani tu. Nchi hii iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ilipitiwa na misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Karonga, ambako si mbali na hapa, ndiko alikokaa Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa, hadi mwaka 1895. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Lakini desturi ya kumlipisha mtu deni la mwenzake haifi siku moja na sheria.

Ndugu zangu, funzo la kwanza ni kwamba maneno ya undugu yaweza kuficha deni. Aziz hampigi Yusuf wala hamtukani. Ni mtu mpole, mnukia uturi, mwenye kauli nzuri. Ubaya wake umo katika hesabu yake. Je, hatumjui mtoto anayechukuliwa kijijini kwenda kwa "shangazi" wa mjini, kwa ahadi kwamba atasomeshwa, kisha akaishia kulea watoto wa wenzake na kuosha vyombo? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu mtoto wa chini ya miaka kumi na minne kuajiriwa. Mwalimu anayeita mahudhurio kila asubuhi ndiye mtu wa kwanza kuona jina lisiloitikiwa. Akiambiwa kwamba mtoto amekwenda kwa ndugu, hana budi kuuliza: ndugu gani, na amekwenda kufanya nini?

Wala watu wazima hatujasalimika. Sote tunasikia habari za mikopo inayoitwa "kausha damu", na za mtumishi anayemwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayomtaka mkopeshaji awe na leseni. Hata hivyo, mtu mwenye dhiki hatazami leseni. Mwalimu ambaye mshahara wake hupokewa na mtu mwingine hutofautiana vipi na Yusuf aliyekaa nyuma ya kaunta ya duka lisilo lake? Na mkulima anayeuza kahawa yake ikingali mtini kwa sababu ana mgonjwa nyumbani, amebakiwa na nini cha kuvuna?

Funzo la pili limo katika safari ya kwenda bara. Msafara wa Aziz unavuka ziwa hadi kwa mtawala aitwaye Chatu. Chatu anawanyang'anya mali na kuwapiga. Msomaji hukasirika, mpaka asikie upande wa pili: wafanyabiashara waliotangulia waliwadhulumu watu wa Chatu wakaondoka. Waliofuata ndio wakatozwa deni la wenzao. Mtumishi anayehamishiwa kijiji kipya na kukuta wananchi wakimtazama kwa jicho la mashaka, wakikataa kuhudhuria mkutano au kutoa mchango, asiharakishe kuwaita wakaidi. Yafaa kwanza aulize aliyemtangulia aliahidi nini, na fedha zilizochangwa zilikwenda wapi. Ahadi ya uongo ni deni ambalo mwenye kulikopa huondoka nalo mdomoni, akamwachia mrithi wake malipo.

Funzo la tatu nimelipata kwa mzee mmoja mkimya, Hamdani, anayetunza bustani ya tajiri. Aliwahi kuambiwa na mke wa tajiri kwamba amepewa uhuru wake, naye akaukataa. Wasomaji wengi humwona mpumbavu. Lakini hoja yake ni nzito: uhuru si mali ya bwana hata aweze kumgawia mtu kama zawadi. Mtu huzaliwa nao.

Tuipime hoja hiyo ofisini kwetu. Mwananchi anapokuja kutafuta cheti cha kuzaliwa, au mzee anapofuatilia mafao yake, mara ngapi tunampa haki yake kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka? Mara ngapi tunangoja atushukuru, na pengine ashukuru kwa kitu mkononi? Hatumpi kitu kilicho chetu. Tunamrudishia kilicho chake. Anayeigeuza haki kuwa hisani amemweka mwananchi deni asilokopa, na hapo amekuwa Aziz mdogo nyuma ya meza ya umma.

Huenda mtu akauliza: mafunzo haya si yamo tayari katika sheria na kanuni za utumishi? Yamo, wala sisemi riwaya ichukue nafasi ya kanuni. Lakini kanuni hutuambia tusifanye, na riwaya hutukalisha mahali pa anayefanyiwa. Baada ya kurasa nyingi za kuishi na Yusuf, neno rehani haliwi tena neno la mkataba. Linakuwa na uso wa mtoto.

Naomba niwakumbushe jambo moja la mwisho. Deni la baba yake Khalil lilikwisha kufutwa, na baba mwenyewe amekufa, lakini Khalil haondoki. Amezoea. Yusuf naye, mwishoni, anakimbia kuwafuata askari wa Wajerumani, kwa bwana mwingine. Mlango ulikuwa wazi, lakini hapakuwa na mtu aliyewahi kuwafundisha njia ya kwenda kwao wenyewe.

Kazi hiyo ya kufundisha njia, ndugu walimu na ndugu watumishi, ndiyo tunayolipwa kuifanya. Basi tusome, na tusome hata visivyo vya mtihani.