Shule Hizi Zilijengwa na Nani?
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wazazi)

Mwenyekiti ameniomba niseme kidogo juu ya shule za kutwa za binafsi, zilianzaje, kabla hatujaingia katika mambo ya karo. Nitajaribu kuwa mfupi.

Wengi wetu hudhani shule ya binafsi ni biashara ya juzi tu, mambo ya basi la manjano na sare za bei. Kumbe huku Kiambu, Murang'a na Nyeri wazazi walijijengea shule miaka zaidi ya 90 iliyopita.

Chanzo kilikuwa ugomvi wa 1929. Misheni ya Kanisa la Scotland, Africa Inland na nyinginezo ziliwataka walimu na washirika waahidi kuacha tohara ya wasichana. Asiyejua kuandika aliweka kidole gumba, na watu wakaita jambo hilo kirore. Mwalimu aliyekataa alipoteza kazi, na watoto wa waliokataa wakafungiwa mlango wa darasa. Kwa vile tuko kanisani wacha niseme wazi. Juu ya tohara yenyewe wamisheni walikuwa na haki. Iliwaumiza wasichana, na sheria ya 2011 imeipiga marufuku kabisa. Lakini kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya msimamo wa baba yake? Hapo walikosea, na kanisa lilipoteza watu wengi.

Wazazi wale hawakukaa bure. Huyu alitoa shamba, yule nguzo, mwingine mbuzi wa kuuza. Akina mama waliteka maji na kukanda udongo wa kuta. Vikatokea vyama viwili, KISA na Karing'a. Mwaka 1936 KISA ilikubali kufuata mafundisho ya serikali na kukaguliwa, Karing'a ilikataa. Na wote walidai Kiingereza kianze mapema, kwa maana waliona ndicho kilichofungua ofisi.

Maisha ya mwanafunzi hayakuwa laini. Alitoka nyumbani asubuhi na mapema, miguu mitupu, umande mpaka magotini. Aliandika kwenye sleti, na ikijaa anafuta. Basi somo la jana lilibaki kichwani tu, hakuna daftari la kurudia! Jioni mbuzi walimngoja, na maji pia. Mwalimu alilipwa kwa michango, kwa hiyo mahindi yakikataa, naye alingoja. Hata hivyo mtoto alilala kwao, na mzazi aliona kila jioni kama amefundishwa kitu. Mimi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya shule ya kutwa mpaka leo, ingawa wengine hapa wanataka mabweni.

Walimu wakawa haba. Ndipo Januari 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Marekani, alianzisha chuo cha walimu kule Githunguri. Marika yalishindana kuchanga, na akina mama wakachangia bweni la wasichana. Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alikuja kukiongoza. Lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga pamoja na shule zile za wazazi. Mahali pale pa chuo pakageuzwa pa kunyongea watu. Jamani, fikirini mama aliyeuza kuku wake ili chuo kijengwe.

Sasa nakuja kwetu. Ijumaa iliyopita watoto 11 walirudishwa nyumbani kwa deni la chakula cha mchana. Mmoja ni wangu. Alipita sokoni na mkoba wake, watu wakimwangalia, na akaniuliza amekosa nini. Sikuwa na jibu. Najua jikoni hakuendeshwi kwa maneno, na walimu wana watoto wao. Lakini anayedaiwa ni mimi, si yeye.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, mwenyekiti. Kabla ya kupiga kura juu ya kuongeza karo, mweka hazina atusomee hesabu za muhula huu hapa mbele ya wote, hata zile za kuni. Pili, wenye deni tuitwe sisi wenyewe ofisini, tukubaliane. Asiye na pesa alete mahindi, maharagwe, au siku mbili za kazi shambani. Mimi nimekuja na nusu ya deni langu, na gunia moja la mahindi liko pale nje kwenye mkokoteni.