Sponji: Mnyama Asiye na Mdomo

Leo tunateremka kutoka milima yetu ya Gusii hadi baharini kumtazama mnyama ambaye wengi hawamhesabu kuwa mnyama: sponji. Sisemi godoro la sponji la kiwandani, wala dodoki la kuogea, ambalo ni tunda la mmea.

Sponji hana kichwa, mdomo, tumbo, moyo wala neva. Akishajishikiza mwambani, hapo ndipo kwake. Kwa karne nyingi watu walimdhania mmea, hadi mwaka 1825 Robert Grant, mwanasayansi wa Uskoti, alipomchungua sponji hai akaona maji yakimtoka mwilini kwa mkondo usiokatika, ishara kwamba ni mnyama.

Maji hayo ndiyo uhai wake. Huingia kupitia vitundu vidogo vilivyotapakaa mwilini. Ndani, maelfu ya seli zenye vijimjeledi huyasukuma, na hakuna ubongo unaoziamuru. Bakteria na chembe nyingine za chakula hunaswa na kumeng'enywa ndani ya seli zenyewe. Maji yaliyochujwa hutoka kupitia tundu kubwa, yakibeba taka. Hata oksijeni huipata humo humo.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni jaribio la Mmarekani H. V. Wilson, mwaka 1907. Alimkamua sponji kwenye kitambaa laini cha hariri hadi seli zikatengana. Zikiwa majini, seli hizo zilitambaa, zikatafutana, zikashikana, zikajenga sponji upya! Ng'ombe au kuku hawezi hilo kamwe.

Uwezo huo wa kujijenga upya sasa unalisha familia. Kule Jambiani, Unguja, ambako kilimo cha mwani kimetikiswa na joto la bahari, wapo wanawake wanaofuga sponji. Humkata vipande, huvitunga kwenye kamba zinazoning'inia majini, na kila kipande hukua kikawa sponji kamili. Sponji hawa hawalishwi chochote; bahari yenyewe huwalisha. Wakikomaa huvunwa, husafishwa na kuuzwa kwa ajili ya kuogea.

Spishi zaidi ya 8,000 zinajulikana, nyingi za baharini, chache za mito na maziwa.

Wanafunzi mnaotusikiliza, mkiulizwa sponji ni nini, andikeni bila kusita: ni mnyama asiye na uti wa mgongo. Mkidaiwa sababu, elezeni jinsi anavyokula, maana mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, naye sponji hukichuja majini.