Damu ya Kilifi Iliyoipiga Chenga Malaria

Dhidi ya malaria tunavijua vyandarua, sawa. Lakini, msikilizaji, wapo wenzetu wa Kilifi waliozaliwa na kinga yao mwilini.

Mwaka 2020 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, na wenzao wa Cambridge walichunguza damu ya watoto 42 wa huku, wazima wa afya. Baadhi yao wana damu ya aina ya Dantu, inayotokana na jeni mbili kuchanganyika. Kwenye hadubini, kimelea cha malaria kinaifikia seli nyekundu ya Dantu, kinaigusa, kinahangaika, na mara nyingi hakiingii. Utando wa seli hiyo umekaza kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri.

Utafiti wa 2017 ulikuwa umeonyesha kwamba Dantu hupunguza hatari ya malaria kali kwa asilimia 40. Hupunguza tu, mwenye homa akapimwe vilevile. Kwingi duniani damu hii ni nadra mno.

Sasa watafiti wanawaza dawa ya kuukaza utando huo kidogo. Bado haipo. Ikija, swali langu ni moja: itauzwa bei gani katika duka la dawa la Malindi, ilhali damu iliyoonyesha njia ilitoka kwa watoto wa kaunti hii?